Leza ya presha ya macho: inachofanya na isichoweza kufanya

Kati ya watu wanaofika kliniki za macho mjini Moshi na Arusha kutoka Rombo, Same, Longido au Karatu, wapo wanaorudi nyumbani wakiwa na mshangao kuliko maumivu. Walikwenda kutafuta miwani ya kusomea. Wakapimwa presha ya macho, wakachunguzwa nyuma ya jicho, kisha wakaambiwa kwamba wana glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na kwamba ingefaa wapigwe leza. Hawaumwi popote. Wanaona njia, wanasoma ujumbe kwenye simu, wanamtambua mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo swali lao ni la haki: kwa nini jicho linaloona lipigwe leza? Wakifika nyumbani, majibu yanazidi kuwachanganya. Mmoja anawaambia kwamba leza ni mionzi ile ile ya kutibu saratani, mwingine anasema baba yake mdogo alipigwa leza na bado akapofuka, na wa tatu anasimulia kwamba shemeji yake alipigwa leza akatoka anaona vizuri kuliko alivyoingia. Wa kwanza amekosea. Hao wawili waliobaki huenda wanasema kweli tupu, ila kila mmoja anazungumzia leza tofauti, iliyotumika kwa ugonjwa tofauti.

Leza ni mwanga. Ni mwanga wa rangi moja uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu, ambao daktari anaweza kuuelekeza kwenye sehemu ndogo sana ya jicho bila kuligusa kwa kisu. Haihusiani na mionzi inayotumika kutibu saratani wala na ile ya picha za eksirei. Zipo leza za kutibu mishipa ya damu iliyoharibika nyuma ya jicho kwa wagonjwa wa kisukari, na ipo leza ya kusafisha utando unaojitokeza nyuma ya lenzi ya bandia miezi au miaka baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Hii ya mwisho humrudishia mtu uoni wake ndani ya siku chache, na bila shaka ndiyo aliyoipata yule shemeji. Leza za glakoma ni kundi jingine kabisa, na kazi yake ni moja tu: kushusha presha ndani ya jicho.

Presha hiyo siyo ile inayopimwa kwa mkanda wa mkononi. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyo sawa kabisa huku presha ya macho yake ikiwa juu mara mbili ya inavyotakiwa, na kinyume chake pia hutokea. Ndani ya jicho, nyuma kidogo ya ile sehemu yenye rangi, kuna tishu inayotengeneza maji maangavu usiku na mchana. Maji haya siyo machozi; hayatoki nje ya kope hata kidogo. Hutengenezwa kwa kiasi kidogo mno, kama mikrolita mbili au mbili na nusu kwa dakika, yakazunguka sehemu ya mbele ya jicho kuilisha, halafu yakatoka kupitia wavu laini uliopo kwenye pembe ambapo konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inakutana na ile sehemu yenye rangi. Nyuma ya wavu huo kuna mfereji mwembamba unaoyapeleka kwenye mishipa ya damu. Ndani ya kama saa moja na nusu hadi mbili, maji yote ya sehemu hiyo huwa yamekwisha kubadilishwa. Ikiwa yanayoingia na yanayotoka yanalingana, presha ya jicho kwa watu wengi hubaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Katika aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi kwetu, pembe hiyo iko wazi, lakini wavu wenyewe umepoteza uwezo wa kupitisha maji. Mtu aliyekulia Kibosho au Machame anaweza kuufikiria mfongo, yaani mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani: maji yanayoingia hayajaongezeka, ila mahali pa kutokea pamejaa tope na majani, kwa hiyo maji yanapanda na kusukuma kingo. Tofauti ni kwamba jicho haliwezi kumwaga kando. Msukumo wote unaelekezwa kwenye kuta, na sehemu ya ukuta iliyo dhaifu kuliko nyingine zote ni pale nyuma ambapo mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo.

Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja, na kila uzi unabeba sehemu yake ya picha. Presha ikiukandamiza mwaka baada ya mwaka, nyuzi zinakufa moja moja, kwa kawaida zikianza zile zinazobeba picha za pembeni. Jicho moja linaficha upungufu wa jingine, na ubongo nao unajaza mapengo, hata mgonjwa akaja kushtuka pale anapoanza kujikwaa kwenye ngazi au kugongana na watu sokoni. Nyuzi zilizokufa hazioti tena. Hapa ndipo glakoma inapoachana na mtoto wa jicho, na ni vigumu kueleza jinsi tofauti hii inavyowaumiza watu wanaokuja wakitumaini kwamba watafunguliwa bandeji kesho yake na kuona. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Lenzi hubadilishwa na mwanga ukaingia. Mshipa wa fahamu haubadilishwi. Hakuna matone, leza wala upasuaji unaorudisha uoni uliokwisha kupotea kwa glakoma, na yeyote anayeahidi hivyo, awe na mitishamba au na koti jeupe, anamdanganya mgonjwa wakati nyuzi zilizobaki zinaendelea kufa.

Kwa hiyo baba mdogo aliyepigwa leza na bado akapofuka hakuthibitisha kwamba leza ni mbaya. Mara nyingi mtu wa namna hiyo alifika hospitali akiwa amebakiwa na nyuzi chache, na tiba haikuweza kumpa zaidi ya zile alizofika nazo. Au presha ilishuka kwa muda, ikapanda tena bila yeye kurudi kupimwa.

Ugonjwa wenyewe si wa nadra. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, ukakuta kwamba takriban 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma, wengi wao wakiwa na ile ya pembe iliyo wazi. Waafrika hupata aina hii mara nyingi zaidi na mapema zaidi kuliko watu wa asili ya Ulaya, na kwao huenda mbio zaidi.

Sasa kuhusu leza zenyewe. Ya kwanza hutoboa tundu dogo sana kwenye ile sehemu yenye rangi, nayo ni kwa watu ambao pembe yao imebanwa au inaelekea kufunga. Maji yakipata njia hiyo ya mkato, pembe hufunguka. Nyingine hupitishwa kwenye weupe wa jicho ili kupunguza nguvu ya tishu inayotengeneza maji, na kwa kawaida huwekewa macho yaliyofika mbali katika ugonjwa au yanayouma kwa presha kubwa. Ya tatu, ambayo ndiyo wagonjwa wengi wa pembe iliyo wazi huambiwa habari zake, inaelekezwa kwenye wavu wa kutolea maji.

Wazo la kuupiga wavu huo kwa leza si geni. Mwaka 1979, madaktari wa Marekani James Wise na Stanton Witter walieleza namna leza ya agoni ilivyoshusha presha kwa kuuchoma wavu kwa vituo vidogo. Ilifanya kazi, lakini iliacha makovu, na kwa sababu hiyo haikuweza kurudiwa rudiwa kwenye jicho lile lile. Katika miaka ya 1990 Mark Latina na wenzake walitafuta njia ya kuzigusa seli zenye rangi nyeusi peke yake bila kuiunguza tishu inayozizunguka. Walifupisha mpigo wa mwanga ukawa wa nanosekunde tatu hivi, yaani sehemu tatu za bilioni moja ya sekunde, muda ambao hautoshi joto kusambaa. Mwanga huo wa kijani hunyonywa na chembe za rangi ndani ya seli na kuishia hapo hapo. Leza hii teule, ambayo kliniki nyingi huiita kwa kifupi SLT, ilipata kibali nchini Marekani mwaka 2001.

Kinachofuata baada ya mpigo ni kazi ya mwili wenyewe. Seli zilizoguswa hutoa ishara, seli za ulinzi huja kuondoa taka, na wavu huanza tena kupitisha maji. Leza haikuchimba mfereji mpya. Imewaita wahusika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzibua ule wa zamani. Ndiyo maana presha haishuki siku ile ile. Matokeo hujitokeza polepole, na daktari huyapima kwa uhakika baada ya wiki nne hadi nane. Mgonjwa aliyekuwa akitia matone asiyaache siku ya leza kwa kudhani kwamba amekwisha kupona. Anayepaswa kuyasimamisha ni daktari, baada ya kupima.

Siku yenyewe haina mengi. Mgonjwa hutiwa matone ya kuzuia presha isipande ghafla, kisha matone ya ganzi, akakaa mbele ya ile ile mashine anayochunguzwa nayo siku nyingine, kidevu kikiwa kwenye kiti chake. Daktari huweka juu ya jicho lenzi yenye kioo cha pembeni, kwa sababu pembe ya jicho haionekani kwa kutazamwa moja kwa moja, halafu hupiga vituo kama 100 kuzunguka wavu wote. Mgonjwa huona mimweko ya kijani na kusikia milio midogo. Kila jicho huchukua dakika chache tu. Wapo wanaohisi kuchomwa kidogo. Wengi hawahisi maumivu. Presha hupimwa tena baada ya kama saa moja, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, jicho likiwa na ukungu kwa saa kadhaa na pengine wekundu kwa siku mbili tatu. Afadhali aje na mtu wa kumsindikiza, na asiendeshe bodaboda wala gari siku hiyo. Maumivu makali au uoni unaoshuka ghafla baada ya hapo ni sababu ya kurudi mara moja bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Jambo moja linahusu macho yetu hasa. Kwa kuwa leza hii inafuata rangi nyeusi, na pembe za macho ya Waafrika mara nyingi zina rangi nyingi, wavu hunyonya nguvu zaidi kwa kila mpigo. Daktari mzoefu huanza na nguvu ndogo na kuipandisha kidogo kidogo huku akitazama vipovu vinavyojitokeza, asije akasababisha presha kuruka juu. Mashine peke yake, basi, haitoshi. Inahitaji mtu aliyefundishwa kuisoma pembe ya jicho.

Lakini kwa nini leza, wakati matone yapo? Matone hushusha presha, na kwa mtu anayeyatia kila siku bila kukosa na kurudi kupimwa, yanaweza kumlinda maisha yake yote. Ugumu uko katika maneno hayo, kila siku na maisha yote. Timolo, ambayo hupatikana kwa urahisi kuliko nyingi, kwa kawaida hutiwa asubuhi na jioni. Haimfai mwenye pumu wala mwenye mapigo ya moyo yaliyo polepole, kwa sababu sehemu ya dawa hupita kwenye njia ya machozi na kuingia mwilini. Latanoprosti hutiwa mara moja kwa siku, lakini chupa ambayo haijafunguliwa kwa kawaida hutakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa friji, na chupa iliyofunguliwa haitumiki zaidi ya wiki chache. Mama mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi hawezi kulenga tone. Mzee wa Simanjiro ambaye duka la dawa liko mbali na nauli haipo, hukaa mwezi bila dawa, na kwa kuwa haumwi, haoni tofauti yoyote. Sioni haki kumwita mtu huyo mkaidi. Tiba inayomtaka atoe fedha na nidhamu kila siku kwa ajili ya ugonjwa asiousikia imewekwa mahali pagumu tangu mwanzo.

Swali hili lilipimwa hapa hapa Moshi. Katika hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC, watafiti waliwachunguza wagonjwa 840, na kati yao 201, wenye macho 382, waliingizwa kwenye jaribio kuanzia Agosti 2015 hadi Mei 2017. Wote walikuwa na glakoma ya pembe iliyo wazi yenye presha iliyozidi 21. Kwa kura, nusu walipewa timolo ya asilimia 0.5 na nusu wakapigwa leza teule. Kila jicho liliwekewa kiwango cha presha kilichotakiwa kufikiwa kulingana na ugonjwa ulivyokwenda mbali. Waliokuwa kwenye matone waliruhusiwa kuelekezwa upya mara moja namna ya kuyatia, na waliopigwa leza waliruhusiwa kurudiwa mara moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, macho 55 kati ya 176 ya kundi la matone, yaani asilimia 31, yalikuwa yamefikia lengo. Kwa kundi la leza yalikuwa macho 99 kati ya 163, sawa na asilimia 61. Madhara yalikuwa machache katika makundi yote mawili, na mengi hayakuhusu macho.

Nimezitazama takwimu hizi mara nyingi, na inayonigusa zaidi siyo ile 61 bali ile 31. Hawa walikuwa watu walio chini ya uangalizi wa utafiti, waliofundishwa na kufundishwa tena, na bado macho mawili katika kila matatu hayakufika panapotakiwa. Si lazima wote walikosa kutia dawa. Kwa ugonjwa uliokwenda mbali, dawa moja mara nyingi haitoshi. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kawaida anayepewa chupa moja na tarehe ya kurudi, ni vigumu kuamini kwamba hali huwa bora kuliko hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu ya kutosha kwa leza kutajwa mapema, mgonjwa anapopewa habari ya ugonjwa wake, badala ya kungojea hadi matone yashindwe na nyuzi nyingine ziwe zimekwenda.

Uingereza imeshafika hapo. Jaribio lililowahusisha wagonjwa 718 na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, karibu robo tatu ya walioanza na leza walikuwa na presha inayotakiwa bila kutumia matone, na mwaka 2022 miongozo ya tiba ya nchi hiyo ilibadilishwa ili leza teule iwe ya kwanza kupendekezwa kwa wagonjwa wapya wengi. Asilimia za Uingereza na za Moshi zisilinganishwe moja kwa moja. Huko watu wengi hugunduliwa mapema, na jicho ambalo ugonjwa wake bado ni mdogo haliwekewi lengo kali kama jicho lililobakiwa na kidogo.

Upande wa pili wa ile 61 nao usifichwe. Macho kama manne katika kila kumi yaliyopigwa leza hayakufikia lengo ndani ya mwaka, na theluthi ya yale yaliyofikia yalihitaji kurudiwa. Tena nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyopita. Wengine huhitaji kupigwa tena baada ya mwaka, wengine baada ya miaka kadhaa. Hakuna dalili ya kumjulisha mgonjwa kwamba presha imepanda. Anayepigwa leza na kutoweka yuko kwenye hatari ile ile ya anayeacha matone, na pengine zaidi, kwa kuwa yeye anaamini amekwisha kutibiwa. Kadi ya kliniki yenye presha ya kila tarehe, iliyotunzwa vizuri na kubebwa hata anapobadilisha hospitali, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Leza hii haimfai kila mtu. Pembe ikiwa imefunga, mwanga haufiki kwenye wavu. Jicho lenye uvimbe wa ndani, au lililoota mishipa mipya ya damu kwa sababu ya kisukari, linahitaji njia nyingine. Presha iliyoletwa na dawa inataka kwanza dawa yenyewe iachwe, na hapa kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko mengi: vijana wenye macho yanayowasha wakati wa vumbi la kiangazi hununua wenyewe matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, yakawatuliza, wakaendelea kuyatumia kwa miezi. Kwa baadhi yao presha hupanda kimya kimya, na wapo wanaopoteza uoni wakiwa hawajafikisha hata miaka 20.

Mahali ambapo leza na matone havitoshi, au ambapo ugonjwa umekwenda mbali na presha inatakiwa ishuke sana, daktari hupendekeza upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya. Kupigwa leza hakuzuii upasuaji huo baadaye. Nao pia haurudishi uoni, hulinda uliobaki.

Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko watu wengine, kwa hiyo daktari akimwomba mgonjwa aje nao, waje wakiwa bado wanaona vizuri. Wakifika, wasiridhike na kipimo cha presha peke yake, kwa sababu wapo watu ambao mshipa wao wa fahamu umeanza kuliwa huku presha ikisoma chini ya 21. Waombe mshipa wenyewe utazamwe nyuma ya jicho, na ukitiliwa shaka, wapimwe upana wa uoni wa kila jicho, na pembe ya jicho ichunguzwe kwa ile lenzi yenye kioo.